Sindano ya Saba

9 Novemba

Mvua imeanza na mimi nimeanza kutukana. Kila mwaka ni hivyo hivyo hapa Kelantan, jimbo letu la mpakani: mawingu yanashuka mpaka juu ya paa la msikiti, mto unavimba, panya wanahamia jikoni, na wanaume wasio na kazi wanakwenda kuwatazama wanaume wengine wakivunjana mbavu.

Jana ilikuwa zamu ya mdogo wangu, Saupi. Ukumbi wa Pasir Mas ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Zumari inalia, ngoma inakwenda mbio, na Saupi anamtia yule kijana wa Tumpat magoti ya mbavu kama anayetwanga. Raundi ya tatu akarusha teke la juu kwa mguu wa kulia. Teke likafika shingoni, watu wakapiga kelele. Mimi sikulitazama teke. Kutwa nzima kazi yangu ni kutazama nyonga za watu, na niliiona yake ikibaki nyuma; kitu ndani ya kinena kilikataa kwenda na mguu. Akatua akiwa mweupe kama aliyemwagiwa unga, akasimama kwa mguu mmoja, akamvunja mwenzake pua kwa kiwiko, akashinda. Damu ilinirukia hadi kwenye ushungi. Watu walimbeba wakiimba, na waliyembeba alikuwa mgonjwa.

Asubuhi hii mwalimu wake, Pok Deris, kamleta kliniki kwetu kwa pikipiki katikati ya mvua. Mpiga eksirei mwenzangu, Rosdi, ambaye ndiye hushughulikia wanaume, amekwama kwao kwa maji. Basi nimebaki mimi.

"Dada, hapana," Saupi kasema, kashikilia saruni yake kwa mikono miwili.

"Hapana nini? Nimekufuta mavi mpaka ukaanza shule. Lala."

"Mwite mtu mwingine."

"Mficha uchi hazai. Lala, nitakufunika taulo."

Picha ikatokea. Mfupa mzima, haukumeguka popote. Lakini kuzunguka mfupa wa kinena, ndani ya nyama za mapaja, zilikuwa zinang'aa sindano fupi, nyembamba kama punje za mchele mrefu. Tatu huku, tatu huku.

Kwetu hakuna asiyejua hiyo ni nini. Susuk. Sindano za dhahabu anazotia mganga chini ya ngozi, pamoja na maneno yake, ili uso upendeze au mwili usivunjike. Ni haramu, imamu anaikemea kila mara, na mimi naziona kila mara: kwenye taya za mabibi harusi, kwenye mapaji ya nyuso za waimbaji, na siku moja kwa mke wa mtu ambaye sitamtaja hata humu. Kila mtu anajua pia sheria yake. Mwenyewe hatajiwi. Ukimtajia usoni, sindano zinakufa na nguvu zake zinamgeukia. Kwa hiyo sisi wa eksirei tunaandika "vyuma vidogo", halafu tunafunga midomo.

Nikaufunga wangu. Nilitamani kumzaba kibao.

10 Novemba

Mvua. Viatu vyangu vimeota ukungu.

13 Novemba

Leo altrasaundi. Dakta Gan alishika kipimio mwenyewe, kwa heshima, macho yake kwenye kioo tu. Msuli wa ndani ya paja umechanika, damu imetuama kama dimbwi. Hayo tuliyaona. Lakini pale kano inaposhika mfupa, ambapo ndipo penyewe, hatukuona kitu. Zile sindano zinarudisha mwangwi, kioo chote kinajaa michirizi myeupe.

Saupi alipotoka kuvaa, Dakta akafunga mlango.

"Nahitaji kumweka kwenye mashine ya sumaku. Kama kano bado imeshika, apumzike miezi kadhaa, atapona. Kama imeanza kubanduka mfupani na akapiga teke jingine la nguvu, inang'oka yote. Hapo ulingo basi. Na kutembea kwake pia sikuahidi."

"Na vile vyuma?"

"Dhahabu haina neno, sumaku haina habari nayo. Kama ni chuma cha kawaida, zitavutwa, zitageuka humo ndani, na mshipa mkubwa wa paja uko jirani. Siwezi kumwingiza bila kujua. Muulize."

"Muulize wewe. Daktari ni nani hapa?"

Dakta Gan kazaliwa hapa hapa, bibi yake aliuza tofu kwenye soko letu, anayajua yetu kutushinda. Akavua miwani.

"Zamani nilimtajia mama mmoja. Alinivunja miwani ikiwa usoni pangu. Wewe ni dada yake, wewe muulize."

Nikamfuata Saupi kwenye benchi.

"Una chuma chochote mwilini?"

"Sina."

"Meno yaliyozibwa?"

"Sina."

"Risasi? Msumari? Kitu ulichowahi kukanyaga, ulichomeza, ulichotiwa?"

"Dada, unauliza kama polisi."

"Nauliza kama mtu anayetaka utembee."

Akanitazama. Ana macho ya marehemu baba, mazuri na ya kijinga. "Sina kitu," akasema. "Na kwenye hiyo mashine yenu siingii."

Huyu mtoto anaziamini zile sindano kuliko anavyoniamini mimi. Ningeweza kumkaba koo.

17 Novemba

Jogoo wa jirani kanidonoa mguu mara ya pili. Jioni tumemla.

22 Novemba

Ijumaa, kliniki imefungwa, nimeshinda kwa Mok. Mama yetu huuza budu sokoni, mchuzi wa samaki waliochacha, na miaka yote ya kuinua madumu imempa mikono ya bondia. Nyumba nzima ilikuwa imetundikwa nguo, kwa sababu nje hakukauki. Kamba imevuka sebule kutoka dirisha hadi mlango wa jikoni, na ukitaka chai lazima upite chini ya nguo za ndani za watu.

Saupi akaja akichechemea. Kabla hajavua viatu, Mok kaacha kisu na samaki, kaivua kamba yote msumarini, nguo zikaanguka sakafuni, mbichi. Saupi akapita. Mok akaifunga tena.

Sate, mishikaki yetu ya hapa, ilipofika mezani, Mok alizichomoa nyama kwenye vijiti akamwekea Saupi sahanini, yeye peke yake, jitu zima la miaka ishirini na saba. Ndipo kichwa changu kikafunguka. Mwenye zile sindano hapiti chini ya kamba ya nguo. Hali nyama kutoka kwenye kijiti. Miaka yote nimeona hayo humu ndani nikadhani ni kudekezwa kwa kitinda mimba. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwetu kilikuwa kwenye kamba ya nguo.

Saupi alipokwenda msikitini nikamfuata Mok jikoni, nikakalia beseni lililopinduliwa.

"Ni wewe uliyemtia."

Hakuuliza nini. Alikuwa anatwanga pilipili, akaendelea kutwanga.

"Mok, nimeziona kwenye picha."

"Baba yenu alikwenda ulingoni bila kitu," akasema. "Goti moja la tumbo. Siku tatu alitapika damu kwenye lile beseni ulilokalia. Huyu naye alipofika miaka kumi na sita akasema anakwenda kupigana. Nilimfungia, akatoka dirishani. Nilimchapa, akacheka. Ulitaka nifanye nini, mwanamke uliyesoma?"

"Ulitaka asipigane, ukamtia sindano apigane vizuri."

"Nilitaka asife! Nilitoa bangili yangu ya mahari. Mganga Tok Ayah Wil akaiyeyusha. Sindano saba, dhahabu tupu, nilihesabu mwenyewe zikiingia."

"Saba?"

"Saba."

"Mimi nimeona sita. Na zinamwua, Mok. Mwambie umeziondoa baraka zako, mwambie aache, zinamfanya ajione..."

Sikumaliza. Mchi ulinipata hapa, juu ya kiwiko. Ni wa jiwe. Nikampokonya, nikautupa, ukapasua mtungi wa budu, jikoni kote kukawa na harufu ya samaki wafu, na sisi wawili, mama na mwana, tumeshikana nywele katikati ya mchuzi tunalia kwa hasira.

"Ukimtajia," Mok akaniambia sikioni, bado kanishika nywele, "nakulaani. Wallahi nakulaani."

23 Novemba

Mkono umevimba kama mhogo. Haukuvunjika, nimeupiga picha mwenyewe. Nawaza jambo moja tu: ya saba iko wapi?

30 Novemba

Sindano hutembea. Nimewahi kuiona moja, mtu alitiwa begani, ikaja kuonekana karibu na ini. Leo nimemdanganya Saupi kuwa picha za kwanza ziliungua, nikampiga eksirei ya tumbo, ya kifua, ya magoti yote mawili. Sita zipo palepale. Ya saba hakuna. Siwezi kumuuliza yeye, na Mok hataki kunisikia.

Jioni nikapita kwenye banda la Pok Deris. Saupi alikuwa anapiga gunia. Kwa mguu wa kulia! Kila teke anatoa mlio kama mbuzi, kisha anakwenda pembeni kutapika, kisha anarudi. Pok Deris kakaa juu ya tairi anavuta sigara.

"Wewe mzee una moyo wa mbwa," nikamwambia mbele ya vijana wake. "Unamchuna akiwa hai."

"Karibu, binti."

"Usiniite binti. Atakapokuwa kilema utamlisha wewe?"

Akaitazama sigara yake. "Tarehe kumi na saba Januari," akasema, "Golok, ng'ambo ya mto wa mpakani, na Kraisorn." Kama vile nimeuliza ratiba.

Kraisorn ni yule Mthai wa Narathiwat aliyemvunja taya rafiki yake Saupi mwaka jana, mpaka leo kijana wa watu anakula kwa mrija. Nilichukua chupa ya mafuta ya kuchulia nikamrushia Pok Deris. Akainama tu. Ikapasukia kwenye nguzo.

5 Desemba

Maji yamefika ngazi ya pili ya kliniki. Tumepandisha mashine juu ya meza. Nyoka mmoja, ameuawa kwa fimbo ya dripu.

11 Desemba

Pale mlangoni kwenye chumba cha sumaku tuna kisumaku kidogo cha mkononi, cha kupimia vifaa kabla havijaingia. Leo nimekificha ndani ya taulo.

Saupi alikuja kwa altrasaundi nyingine. Nikampaka jeli, nikapitisha kipimio huku, na mkono wa pili nikaiteremsha taulo taratibu juu ya paja, pale ambapo sindano moja iko karibu na ngozi.

Ngozi ikainuka. Kidogo sana, kama hema la mdudu, ikaifuata taulo. Saupi akakaza meno hadi nikayasikia.

Chuma. Chuma cha kawaida! Siyo dhahabu, haijawahi kuwa dhahabu.

Nikaondoa mkono. Yeye alikuwa ananitazama mimi, hatazami paja.

"Mkono wako mzito leo, dada," akasema polepole.

"Nimechoka."

"Sote tumechoka."

Akajifuta jeli mwenyewe, akaondoka. Mama yangu alitoa bangili ya mahari yake, na mwanaye amebebeshwa vyuma vya fundi cherehani, na kwa vyuma hivyo anakwenda kupigwa na Kraisorn akijiona havunjiki.

18 Desemba

Leo nimempiga mtu nikitaka afe. Naandika ili nikisoma uzeeni nisijidanganye.

Mafuriko yamekaa juu ya nchi yote. Tok Ayah Wil anaishi juu ya mto, na njia ni mashua tu. Mwenye mashua ninayemfahamu ni mmoja, na nilimtupia chupa. Nilikwenda nikamwambia Pok Deris, "Nipeleke kwa mganga, usiulize." Hakuuliza. Akachukua makasia mawili, moja akanipa mimi.

Tulipita juu ya mashamba ya mpunga, juu ya paa la shule, ng'ombe aliyekufa akazunguka nasi kwa muda kama anayetaka lifti. Njiani Pok Deris akasema, bila kunitazama:

"Nilikwenda Golok mara mbili kumfuta Saupi kwenye pambano. Mara mbili alirudi nyuma yangu akajiandikisha upya. Mara ya tatu alinishika shingo."

"Mbona hukuniambia pale bandani?"

"Ulinipa nafasi?"

Nikaendelea kupiga kasia. Nilitaka kumwomba radhi, nikaona nitamwomba nikishamaliza ya mbele.

Mganga alikuwa barazani juu, maji yakilamba sakafu, anatafuna tambi kavu kutoka kwenye pakiti. Mzee mdogo, kucha ndefu. Alinijua.

"Ahaa, binti wa Mok muuza budu! Mama hajambo?"

"Bangili yake iko wapi?"

"Bangili gani tena?"

"Ya mahari. Uliyoiyeyusha ukamtia Saupi. Nimeweka sumaku juu yake, mzee. Nimeona."

Akatafuna. Nilimwona akipima uongo upi unatosha, kisha akachoka.

"Ulikuwa mwaka mbaya," akasema. "Bangili tuliila. Nikakata sindano za kushonea, nikazichemsha vizuri, maneno nikayasoma yote, sikuruka hata moja. Na kijana ameshinda, hakushinda? Miaka yote hiyo anashinda. Nyie mmepata hasara gani?"

Kasia lilikuwa mkononi. La kwanza lilimpata begani, nikausikia mfupa. La pili alilikinga kwa mkono, la tatu likamfungua paji la uso, damu ikaingia kwenye tambi. Alikuwa anajikokota kurudi nyuma akilia "Binti! Binti!" na mimi namfuata, na sitasema uongo, ilikuwa tamu. Nilikuwa nampiga yeye, na baba aliyekufa, na Mok, na maji. Pok Deris akanibeba kiunoni kutoka nyuma akanitupa ndani ya mashua, nikaumia mgongo.

"Niache nimuue!"

"Ukimuua," akasema akihema, "nani atampiga picha?"

21 Desemba

Na kweli wamemleta. Kikosi cha uokoaji, kwa boti. Kawaambia aliangukiwa na boriti. Nimempiga eksirei: mtulinga umekatika safi, katikati. Hakuna aliyesema neno. Nimeitazama ile picha kwa raha kubwa, Mungu anisamehe.

2 Januari

Maji yanashuka, yanaacha matope na mizoga. Nimemwomba Pok Deris radhi. Kasema nina mkono mzuri wa kushoto, nije nifanye mazoezi.

Saupi hachechemei tena mbele za watu. Wanasema amepona. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi mkuu wake sina ninaloweza kusema kwa sababu mama kanifunga mdomo kwa laana.

16 Januari

Nimesema.

Nilimkuta bandani peke yake anafunga mikono kwa vitambaa, kesho wanavuka. Nikasimama mlangoni. Nikasema, "Saupi, una susuk kinenani. Sita. Sasa nimekutajia usoni, zimekufa. Na hata kabla hazikuwa hai, ni chuma, mganga alikula dhahabu. Huna kinga yoyote. Usiende."

Nilingoja anipige. Nilingoja aanguke, augue, alie. Alicheka! Alicheka hadi akashika paja kwa maumivu.

"Dada yangu, unadhani wewe ndiye wa kwanza kujua?" akasema. "Nilipokuwa na miaka kumi na tisa moja ilitoka yenyewe. Jipu, nikalikamua, ikatoka. Nyeusi, ina kutu. Nikaitupa chooni."

Ya saba.

"Na ukanyamaza?"

"Ulitaka nimwambie nini Mok? Kuwa bangili ya mahari yake iko tumboni mwa mganga? Kila pambano anakaa nyumbani na tasbihi, hatetemeki, kwa sababu anajua mwanaye ana dhahabu. Wewe ungemvua hiyo?"

"Ndiyo sababu ulikataa sumaku."

"Ningesema ndiyo, mngeuliza dhahabu au chuma. Ningesema chuma, mngenipasua mzitoe, Mok angekuja na kikapu cha chakula kukaa kitandani kwangu, angeziona. Ningesema dhahabu, ningekufa kwenye mashine yenu." Akakaza fundo kwa meno. "Naogopa uso wa Mok kuliko goti la Kraisorn."

Nikakaa chini kwenye tairi la Pok Deris. Msimu mzima nimemwona mjinga. Msimu mzima amekuwa akituzunguka mimi na Mok, katikati ya kamba za nguo, na mguu unaoza.

"Basi usipigane," nikasema. "Kama huziamini, unajua mguu huo hauna mzizi."

"Najua."

"Kwa nini, sasa?"

Akafikiri. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Mapambano yote yale nilishinda mimi, dada. Mimi, si sindano. Hakuna anayejua ila mimi. Na napenda. Ngoma ikianza, napenda kuliko kitu chochote. Na aliyemfanya rafiki yangu ale kwa mrija yuko ng'ambo tu ya mto."

Nikamshika miguu. Nilimshika kweli, nikalala juu yake kama mtoto. Akaniinua kwa upole akanisogeza kando, akazima taa.

18 Januari

Nilikwenda Golok jana. Ghala la mpunga, taa kali, wanaume wanapiga kelele kwa lugha mbili. Pok Deris kwenye kona, mimi nyuma yake.

Raundi ya kwanza Saupi alikuwa mzuri mno hata nikaanza kutumaini. Alimfungua Kraisorn nyusi kwa kiwiko. Alimtia goti la mbavu, na lile jitu likakohoa. Raundi ya pili Kraisorn akajua. Wapiganaji wananusa maumivu kama papa. Akaacha kichwa, akaacha tumbo, akaanza mguu: teke la paja la ndani, kulia, tena, tena palepale, zumari ikilia juu yake. Nilikuwa nayajua yaliyomo chini ya ile ngozi, na kila teke nililiona kama niko kwenye kioo changu.

Pok Deris alitupa taulo ulingoni. Saupi akaipiga teke ikatoka nje. Watu wakashangilia! Nikamvaa mmoja wao, nikamkwaruza uso, sijui alikuwa nani.

Raundi ya tatu. Kraisorn akaingia na goti. Saupi hakurudi nyuma, akapanda. Mguu wa kulia, teke la juu, lile lile. Nilisikia sauti mbili: moja ya shingo ya Kraisorn, nyingine kama mwanzi unaopasuka kwenye moto. Wote wawili wakaanguka. Ngoma ikanyamaza. Mwamuzi akawahesabia wote wawili, mkono juu, mkono chini. Kraisorn akajivuta kwenye kamba, akapanda, akasimama. Saupi alisimama pia, kwa mguu wa kushoto. Akaweka wa kulia chini na mguu haukuwepo. Ulikwenda pembeni wenyewe kama wa mwanasesere. Kabla mwamuzi hajafika, Kraisorn akampa goti la uso.

Meno mawili ya Saupi ninayo kwenye kitambaa.

21 Januari

Wamempasua hospitali kubwa. Kwanza wametoa sindano, zote sita, ndipo hatimaye wakamweka kwenye sumaku, na Dakta Gan akaniletea picha. Ndiyo picha niliyoitaka tangu Novemba. Inasomeka hata na mtoto: kano imeng'oka na kipande cha mfupa, imejikunja chini kwenye paja kama mnyoo. Kuna kovu la zamani pembeni yake. Mwezi wa kumi na moja ilikuwa bado imeshika. Ingepona.

Watajaribu kuishona. Atatembea kwa magongo, baadaye kwa fimbo. Teke, basi.

Mok alikuja na kikapu cha chakula, kama Saupi alivyosema. Saupi alikuwa amelala kwa dawa. Juu ya kabati, ndani ya kichupa, muuguzi alikuwa ameziweka. Nilichelewa kukificha. Mok akakichukua kichupa akakiinua kwenye mwanga. Mwanamke wa soko; anajua dhahabu, anajua kutu.

Akazihesabu kwa kidole juu ya kichupa. Kisha: "Na ya saba?"

"Ilitoka yenyewe, Mok. Zamani. Alikuwa na miaka kumi na tisa."

"Ikiwa hivi?"

"Hivyo hivyo."

"Akanyamaza."

"Akanyamaza."

Nilidhani atapiga yowe. Nilidhani atanipiga, na ningemwacha. Alikitia kichupa kifuani, akaweka kikapu chini, akamfunika Saupi miguu, akaondoka. Wali aliacha.

31 Januari

Leo jua. La kwanza la kweli tangu msimu uanze, ua mzima unafuka mvuke, na kila mtu ametoa nguo nje.

Ila Mok. Nilipomleta Saupi nyumbani, magongo kwapani, uso bado umevimba, nilikuta kamba imefungwa mlangoni. Mlangoni kabisa, nguzo hadi nguzo, nje. Imejaa: shuka, saruni, gauni zake, sidiria yake ya zamani, vyote vinatiririka maji. Hakuna njia nyingine ya kuingia. Mok kakaa ndani kwenye mkeka anakata samaki, na mbele yake sahani ya sate, nyama bado kwenye vijiti.

Saupi akasimama. Akaitazama kamba. Akamtazama Mok.

Mok hakuinuka. Kisu kiliendelea, kichwa, mkia, kichwa, mkia.

"Chakula kinapoa," akasema.

Nikanyoosha mkono niisogeze ile shuka. Saupi akanizuia kwa gongo. Akainamisha kichwa, akapita mwenyewe, polepole, na gauni mbichi la mama yake likamfuta uso kuanzia paji hadi kidevuni. Akakaa mkekani kwa shida, akanyoosha mguu, akachukua kijiti cha sate akakiweka mdomoni upande wenye meno.

Ndipo Mok akaanza kulia. Nami nikapita chini ya nguo, nikaenda kuchemsha chai.